Kodi Haipigi Hodi

Katika nyumba ninayopanga hapa Ilomba, jijini Mbeya, tarehe moja ya mwezi hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua umeme. Tupo kaya tano, kila moja na chumba chake, isipokuwa mama muuza ndizi wa upande wa uani ambaye ana viwili kwa sababu ya wajukuu, na mita ni moja tu, imepigiliwa ukutani karibu na mlango wa mbele. Mwezi unapokaribia kwisha mita huanza kulia, ule mlio wake wa kukatika-katika unaosikika mpaka kwa jirani, nasi tunapita mbele yake kana kwamba hatusikii. Kila mmoja anajua kwamba atakayenunua kwanza mwezi ukianza ndiye atakayekatwa shilingi 1,500 za kodi ya jengo, na watakaofuata watanunua kwa salama. Usiku mmoja tulikaa gizani mpaka saa nne, watu wazima watano wenye akili timamu, tukitegeana.

Hatimaye tuliweka zamu, na mwezi uliopita zamu ilikuwa yangu. Nilinunua umeme wa shilingi 5,000. Zikatolewa 1,500 za jengo, zikabaki 3,500, na humo ndani ya hizo 3,500 mlikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 za kupeleka umeme vijijini na asilimia 1 ya mdhibiti wa huduma za nishati. Nilichopata ni uniti 9.8. Bila lile kato ningepata uniti 14, na kama, mbali na kukosa kato hilo, ningekuwa pia naishi peke yangu na mita yangu, kwa matumizi yangu ya taa mbili, simu na pasi ya Jumapili, ningepata uniti 41 kwa fedha ile ile. Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nianze kuandika makala hii, kwa sababu ndiyo inayoonesha kwa uwazi zaidi jambo ninalotaka kulisema.

Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Anayezidi kiwango hicho hutozwa 292. Nia ya utaratibu huu ni njema kabisa: mwenye matumizi madogo huenda ni mwenye kipato kidogo, kwa hiyo apunguziwe. Lakini kinachohesabiwa ni mita, wala si kaya. Kaya tano zinazotumia uniti 20 kila moja zinafikisha uniti 100 kwenye mita moja, na kuanzia hapo zote tano zinahesabiwa kuwa mteja mmoja mkubwa. Wakati huo huo mtu mwenye nyumba yake, anayeishi na mkewe na kupikia gesi, anaweza kubaki chini ya uniti 75 mwaka mzima na kufaidi bei iliyowekwa kwa ajili yetu. Waliotunga utaratibu huu hawakukusudia mabaya. Walichagua tu kuangalia kitu kinachoonekana kirahisi, na maskini wa mjini haonekani kirahisi kwa sababu amejibana pamoja na wenzake ndani ya ukuta mmoja.

Kodi ya jengo nayo ina kasoro ya namna hiyo hiyo. Tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia ununuzi wa umeme, mwanzoni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na tangu Julai 2023 ni 1,500 na 7,500. Nyumba yetu ya matofali ya kuchoma, yenye nyufa mbili ambazo baba mwenye nyumba huziziba kila kiangazi na mvua huzifungua kila masika, inalipa 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya vyumba sita yenye uzio, vigae na bustani, mradi haina ghorofa, inalipa 18,000 hizo hizo. Kisheria mdaiwa ni mwenye nyumba, na mpangaji anaweza kumdai fedha aliyokatwa. Sijui kama aliyesema hivyo amewahi kupanga chumba cha shilingi 30,000. Baba mwenye nyumba wetu ni fundi ujenzi mstaafu asiye na pensheni yoyote isipokuwa vyumba hivi, na tulipomgusia jambo hili alijibu kwa upole kwamba kodi ya chumba ameiweka chini kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna aliyeendelea na mazungumzo. Kiswahili chetu, kwa namna yake, kinaita vyote viwili kodi: tunachompa mwenye nyumba na tunachoipa serikali, na katika nyumba kama yetu lugha imepatia, maana vyote viwili vinatoka mfuko mmoja.

Nyanda hizi zinaifahamu kodi ya kiasi kimoja kwa kila nyumba kwa muda mrefu. Wajerumani waliianzisha kodi ya nyumba kwa amri ya 1897, rupia 3 kwa kibanda cha kijijini, na aliyekosa rupia alitoa mazao au nguvu zake. Waingereza waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Baada ya uhuru kodi ya kichwa ilifutwa, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, na wazee wa Rungwe na Iringa bado wanasimulia jinsi wanaume walivyokimbilia migombani au kulala kwenye mashamba ya ulezi wanamgambo walipopita na vitabu vya stakabadhi. Ilifutwa tena 2003. Sababu ya kuchukiwa kwake haikuwa ukubwa wake peke yake. Ilikuwa ni kule kumtoza mwenye ng'ombe arobaini na mwenye jembe moja kiasi kile kile, kisha kuwaambia kwamba huo ndio usawa. Tofauti ya leo ni kwamba mgambo hahitajiki. Kodi imeingia ndani ya umeme, ndani ya sabuni, ndani ya simu na ndani ya lita ya petroli, na haipigi hodi.

Mimi kazi yangu ni kuwaandikia wafanyabiashara wadogo hesabu zao pale Mwanjelwa na Soweto. Si mhasibu mwenye cheti cha kutundika ukutani. Ni karani wa kaunta buku, na wateja wangu ni watu wa viazi, ndizi, mitumba na vipodozi. Kazi hii imenifundisha kwamba neno “mlipakodi” linatumiwa vibaya. Mara nyingi nasikia watu wenye mishahara wakisema kwamba wao ndio wanaobeba nchi, kwa sababu wanaona makato kwenye hati zao za mshahara. Bibi aliyeko kijijini, asiye na namba ya mlipakodi, analipa kila anaponunua mche wa sabuni. Ukinunua sabuni ya shilingi 3,000, humo ndani mna karibu shilingi 458 za kodi ya ongezeko la thamani. Duka la pale kijijini halijasajiliwa kwa kodi hiyo, kwa kuwa usajili unaanzia mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, lakini bidhaa imetoka kiwandani ikiwa imekwishatozwa, na mwenye duka aliiweka kodi hiyo ndani ya bei yake. Kampuni iliyosajiliwa hurejeshewa au hukata kodi iliyolipa kwenye manunuzi yake. Bibi ndiye mwisho wa mnyororo. Baada yake hakuna wa kumtupia.

Ni kweli kwamba mazao yasiyosindikwa yamesamehewa kodi hii, na hilo ni jambo kubwa kwa watu ambao sehemu kubwa ya matumizi yao ni chakula. Nalisema wazi kwa sababu baadhi ya wanaolalamika hulisahau. Lakini huku kwetu, hasa Rungwe na Njombe, mkulima maskini hanunui ndizi wala viazi. Hivyo anavyo shambani. Anachonunua kwa fedha taslimu ni sabuni, sukari, kiberiti, vocha, sare ya shule na nauli, na karibu vyote hivyo vina mkono wa kodi ndani yake, ama ya moja kwa moja ama ya mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa ajili ya miradi mikubwa. Barabara tunazihitaji, sibishi. Anayebisha na ajaribu kushuka kutoka milima ya Uporoto mwezi wa tatu akiwa na pikipiki na mikungu minne. Ninachosema ni kwamba nauli ya kosta haiulizi abiria ana kipato gani.

Kuna jambo moja la sokoni ambalo nitalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu nalishika kwa mikono yangu kila mwaka. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Akiwa kati ya milioni 4 na milioni 7, kwa viwango vilivyowekwa 2019, zipo njia mbili: akiwa na kumbukumbu za mauzo analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, asipokuwa nazo analipa shilingi 100,000. Jirani yangu muuza ndizi anauza kama milioni 4 na nusu kwa mwaka. Kwa daftari, kodi yake ni 15,000. Bila daftari, ni 100,000. Ni mauzo yale yale, ndizi zile zile, mgongo ule ule unaobeba mikungu kutoka kwenye lori alfajiri. Kilichobadilika ni kaunta buku la shilingi elfu chache na mtu wa kuliandika.

Nilipoanza kumwandikia, nilimtaka anitajie mauzo kila jioni. Alicheka, kisha akafungua fundo la kitenge na kunionesha namna anavyohesabu: noti za mtaji zimekunjwa kwa urefu, za faida kwa upana, na za watu anaowadai au wanaomdai zimeingizwa kwenye kibati cha dawa ya kuchua. Hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko ya wengi niliowahi kuwaandikia. Isipokuwa haikuwa katika sura inayokubalika kwenye makadirio ya kodi. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa akilipa 100,000, zaidi ya mara sita ya alichostahili, kwa kosa la kutojua kuandika. Nia ya kanuni hii najua ni kuwahimiza watu kutunza kumbukumbu, na pengine imewahimiza wengine. Kwa asiyejua kusoma na kuandika imegeuka kuwa adhabu ya kukosa shule, na inaletwa kila mwaka kwa mtu ambaye tayari alikwisha kuilipia adhabu hiyo kwa njia nyingine maisha yake yote. Ongeza na hili: kodi hii inatazama mauzo, haitazami faida. Mwaka ambao ndizi zilimwozea kwa sababu lori liliharibikia Kiwira siku mbili, mauzo yake yaliandikwa kama yalivyo, na hasara haikuwa na mstari wa kuandikiwa.

Sasa niiache kodi kidogo, niende upande wa pili, wa msaada, maana watu wengi huvitenganisha vitu hivi viwili ilhali kwa kaya maskini ni mlango mmoja wa kuingilia na kutokea.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa 2000, na kwa miaka zaidi ya kumi sasa kazi yake inayojulikana zaidi ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kipindi cha pili cha mpango huo kilizinduliwa Februari 2020. Kaya zaidi ya milioni moja ziliingizwa, zikalipwa ruzuku kila baada ya miezi miwili, nyingine zikiwa na masharti ya watoto kwenda shule na kliniki, na katika miezi ya upungufu wa chakula walikuwepo waliopata ajira za muda za kuchimba mifereji na kutengeneza barabara za kijiji. Nimeona kwa macho yangu fedha hizi zikifanya kazi. Nimeona mbuzi wawili wakawa saba. Nimeona mtoto aliyekuwa akienda shule na sweta la mama yake akipata la kwake. Wanaosema kwamba fedha hizi zinawafanya watu wavivu nadhani hawajawahi kuona kiasi chenyewe. Mtu hawezi kuacha jembe kwa ajili ya ruzuku ndogo kiasi hicho.

Lakini angalia namna ya kuupata msaada huo. Kwanza kaya hutajwa katika mkutano wa kijiji, mbele ya watu wote. Kisha huja dodoso: paa la nini, sakafu ya nini, choo cha namna gani, mnamiliki nini, wanaoishi humo ni wangapi na wana umri gani. Majibu hupitishwa kwenye kanuni ya kukadiria hali ya maisha, na orodha hurudi. Shangazi yangu anayeishi kijiji kimoja wilayani Rungwe alikuwepo kwenye mkutano kama huo. Ni mjane, amepita miaka 70, analea watoto wawili wa marehemu binti yake. Jina lake lilitajwa na mtu mmoja nyuma, kisha sauti nyingine ikasema, bila ubaya wowote, “Huyo si ana bati?” Bati hilo liliezekwa na marehemu mume wake kwa fedha ya pareto, miaka mingi iliyopita, na limekwishapata kutu kiasi kwamba usiku wa mvua kubwa wanahamisha kitanda. Nilipomwuliza kwa nini hakusimama kujieleza, aliniangalia kana kwamba nimemwambia avue nguo. “Mwanangu,” alisema, “nisimame mbele ya wakwe zangu niseme mimi ni fukara?” Hakuna aliyemwonea. Alikaa kimya, na kimya chake kikahesabiwa kuwa uwezo.

Kule kwetu Rungwe mvua hainyeshi kwa mchezo, na nyumba za nyasi zimekwisha zamani. Karibu kila mtu ana bati na kila mtu ana migomba. Ukipita kwa gari kutoka Uyole kwenda Tukuyu utaona kijani kitupu na utasema hapa hakuna njaa. Takwimu zinasema vingine kuhusu nyanda hizi. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 30 kitaifa. Iringa ulikuwa asilimia 56.9 na Njombe 50.4. Mikoa inayolisha nchi mahindi na viazi ndiyo iliyoongoza kwa watoto waliodumaa. Sababu ni nyingi, na umaskini wa fedha si sababu pekee. Akina mama wanaoshinda shambani kutwa nzima, lishe ya wanga mtupu na baridi vimo pia. Ila takwimu hizo zatosha kumtahadharisha yeyote anayedhani kwamba umaskini wa huku utauona kwa kuhesabu mabati na migomba.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Serikali inapochukua, haiulizi. Haimwulizi shangazi kama ana bati ndipo imtoze kwenye sabuni, wala haimwulizi jirani yangu kama amekula ndipo imkate 1,500 kwenye umeme. Inapotoa, inauliza maswali tangu paa mpaka choo. Kuchukua ni kwa wote na papo hapo. Kutoa ni kwa waliothibitishwa na baada ya miezi miwili. Mfumo wa haki haulazimiki kuwa na huruma zaidi ya huu. Ungelazimika tu kuwa na uvivu ule ule wa kuuliza katika pande zote mbili, au udadisi ule ule.

Wapo watakaosema dawa ni kufuta kodi kwenye bidhaa za maskini. Nami niliwahi kuamini hivyo, mpaka yalipotokea ya taulo za kike. Mwaka 2018 zilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani, tukashangilia. Bei madukani haikushuka kama ilivyotarajiwa. Nafuu iliishia kwa wafanyabiashara, na mwaka uliofuata msamaha ukaondolewa kwa sababu hiyo. Mafuta ya taa ni mfano wa kinyume chake: 2011 ushuru wake ulipandishwa kwa kishindo ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na bibi wa kibatari akalipia wizi wa wenye malori. Katika visa vyote viwili bei ilitumiwa kufikisha ujumbe kwa kaya maskini, na ujumbe ukaishia njiani au ukampata asiyehusika. Kwa hiyo maoni yangu, ambayo najua hayatawafurahisha wote, ni kwamba kodi ya ongezeko la thamani ibaki pana kama ilivyo, na sehemu ya makusanyo yake irudishwe kwa kaya kama fedha taslimu, kwa kigezo ambacho hakihitaji mtu kujivua nguo mbele ya wakwe.

Kigezo kama hicho kipo, na si lazima tukitafute mbali. Zanzibar tangu Aprili 2016 inawalipa pensheni jamii wazee wote waliofikisha miaka 70, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango kikapandishwa kuwa 50,000. Linaloulizwa ni umri na ukaazi. Mwenye bati na mwenye makuti wanapanga foleni moja. Kuna wanaolalamika kwamba tajiri naye anapata. Kweli anapata, lakini tajiri wa miaka 70 anaweza kutozwa kwa njia nyingine kirahisi kuliko kumtafuta fukara aliyenyamaza. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani 1,644 kwa siku, na asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini yake. Kwa kipimo hicho, lile kato la 1,500 kwenye umeme wetu ni karibu siku nzima ya maisha ya mtu mzima mmoja. Na pensheni ya 50,000 kwa bibi kijijini ingekuwa ndiyo tofauti kati ya kuwa chini ya mstari na kuwa juu yake, yeye na pengine mjukuu mmoja kwa nusu.

Mambo mengine ni madogo na hayahitaji fedha nyingi. Kodi ya jengo iwe na madaraja hata matatu tu, kwa ukubwa wa nyumba na eneo ilipo. Halmashauri zinazijua nyumba zake. Bei ya umeme wa mteja mdogo ihesabiwe kwa idadi ya kaya zilizo kwenye mita, ambayo mwenyekiti wa mtaa anaifahamu kuliko mtu yeyote, ama ukomo upandishwe kwa nyumba za kupanga. Mfanyabiashara wa chini kabisa atozwe kiasi kile kile awe anajua kuandika au hajui. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, lakini kiwango cha mshahara kisichotozwa kodi kimebaki 270,000 tangu 2020, kwa hiyo mhudumu wa ofisi wa daraja la chini kabisa sasa analipa kodi zaidi kila mwezi kuliko zamani. Sitaki kulikuza hili la mwisho kupita kiasi, maana mwenye mshahara wa uhakika si mtu wa chini kabisa katika nchi hii. Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, iliyozinduliwa Oktoba 2024 chini ya Balozi Ombeni Sefue, ilipita ikisikiliza maoni, na wafanyabiashara walisema mengi kuhusu wingi wa tozo na mamlaka za kukusanya. Ningependa katika zoezi lolote la namna hiyo wapangaji nao waitwe. Hatuna chama, hatuna jengo, lakini tunalipia la mwenzetu.

Nimebakiza jambo la simu. Msaada wa kweli wa kaya maskini katika nchi hii, kabla ya mfuko wowote, ni ndugu wa mjini anayetuma 20,000. Mimi humtumia shangazi kila mwisho wa mwezi, naye huniletea ndizi kwa kosta, na sijui ni nani kati yetu anayemsaidia mwenzake. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, ilikuwa ikinikata mimi nikituma na kumkata yeye akitoa. Ilipunguzwa mwaka huo huo, ikapunguzwa tena, na 2023 ile ya kutuma ikafutwa, baada ya kelele nyingi za watu wenye simu kubwa. Shangazi hakupiga kelele. Alianza tu kuniambia nitume kwa mwezi mmoja kuvuka mwingine, zikiwa nyingi kwa pamoja, na katika ule mwezi wa katikati alikopa chumvi.

Nilipokwenda kumwona mwezi wa saba nilimsimulia habari ya Zanzibar. Alikuwa anamenya ndizi, akaacha kisu.

“Hawaulizi bati?”

“Hawaulizi, shangazi.”

“Wanauliza nini?”

“Umri.”

Akaingia ndani, nikasikia sanduku likivutwa kutoka uvunguni. Alirudi na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili, ndani yake mna kitambulisho cha taifa na cheti cha ubatizo cha karatasi nzito, kimekunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo kinapitisha mwanga. Alinipa nisome. Kitambulisho kilisema amezaliwa 1954. Cheti kilisema alibatizwa, mtoto mchanga, 1951.

“Sasa hao,” aliniuliza, “wangechukua kipi?”